Vidole Vinne vya Maji

Watu wengine huja kwao Krismasi kula. Watoto wa Apolinaria huja kufanya kazi, na hilo walilijua tangu wakiwa wadogo. Miaka ishirini na saba sasa tangu kiwanja cha Cheyo, pale Tabora, kinunuliwe, hakuna Desemba iliyopita bila sauti ya koleo na karai katika ua ule. Mwaka mmoja choo, mwaka mwingine jiko la nje. Ukaja mwaka wa dari ya sebuleni, ambayo mpaka leo imelegea katikati, na wageni huitazama kwa kuibia huku wakinywa chai. Fundi hakuwahi kuitwa. Tobias, mumewe, alikuwa mtu wa njia ya reli, miaka thelathini na miwili ya kubadili mataruma na kunyoosha vyuma, na mtu wa namna hiyo humwambii kwamba kuna mwenzake anayejua kupima kumshinda yeye.

Apolinaria mwenyewe alizaliwa Ntalikwa, akaolewa na miaka ishirini, akaishi katika nyumba za reli ambamo treni ikipita vikombe vinacheza kabatini. Walipopata kiwanja alidhani sasa atapumzika. Alidhani vibaya. Amebeba maji ya zege akiwa na mimba, amechekecha mchanga akiwa na homa, na leo ana miaka sitini na mitatu, magoti yanamuuma akipanda na yanamuuma akishuka. Katika nyumba yote ile iliyojengwa kwa mikono yao wanne, kitu kimoja tu alikuwa amekiomba yeye: baraza mbele ya mlango, pana kiasi, sakafu ya niru, saruji iliyong'arishwa, apate pa kuweka kiti na kuchambua mchele bila kukanyaga matope. Aliliomba kabla Advera hajaanza darasa la kwanza. Advera sasa ana duka la vitenge kule Bukene na watoto wawili. Kila mwaka lilitokea la haraka zaidi, na baraza likasogezwa mbele.

Mwaka huu zamu yake ikafika. Benjamini, mkubwa wao, alikuja kutoka Dodoma na simu iliyojaa picha za mabaraza ya watu wenye uwezo, vigae vya maua na taa zilizofukiwa sakafuni. Tobias hakutaka hata kuishika hiyo simu. Alisema baraza halijengwi kwa picha, akatoka kwenda kutafuta sululu yake. Advera akacheka, akamwambia kaka yake arudishe taa zake mfukoni kwa sababu hapa ni kwa mzee Tobias. Apolinaria naye akacheka, kicheko kifupi cha mtu anayejua nani ataosha makarai.

Kila mwenye akili hujenga kiangazi. Lakini likizo ni Desemba, kwa hiyo familia ile imejenga maisha yake yote ikivizia mvua, ikichimba asubuhi na kufunika kwa maturubai alasiri. Walichimba msingi siku mbili. Wakamwaga kifusi na moramu, wakashindilia kwa gogo mpaka mabega yakakataa. Siku ya tatu ikafika saa ya kupima, na hapo Tobias akaomba mpira.

Mpira wa maji ni kazi ya watu wawili. Ni bomba jembamba linaloonyesha ndani, mnajaza maji, mmoja anashika ncha hii na mwingine ncha ile, na maji yakitulia yanakuwa usawa mmoja pande zote mbili, hata kama kati yenu kuna rundo la kokoto. Tobias alisimama mlangoni, palipokuwa na alama ya tundu la msumari ukutani. Kazi yake ilikuwa kupandisha na kushusha ncha yake mpaka maji yafike kwenye ile alama, kisha kusema hapo. Apolinaria, kule mwisho wa baraza, akisikia hapo, anachora kwa penseli juu ya kigingi mahali maji yake yaliposimama. Halafu kutoka kwenye penseli hiyo mnashusha vidole viwili, ili mvua ikinyesha maji yatoke nje. Hivyo ndivyo walivyopima kila kitu kilichosimama katika ua ule, yeye na mumewe, na kamwe hawakuwa wamegombana juu ya mpira.

Alikuwa ametia bluu ya kufulia katika yale maji ili yaonekane vizuri. Yalionekana vizuri mno. Kutoka pale alipochuchumaa aliyaona ya upande wa Tobias yamesimama juu ya alama ya ukutani, si kidogo, vidole vinne kamili.

"Hapo," Tobias akasema.

Apolinaria akasubiri maji yashuke. Hayakushuka.

"Ni hapo, Baba Benja?"

"Nimesema hapo. Chora."

Watoto walikuwa wamesimama wanatazama, Benjamini na koleo lake, Advera na ndoo kichwani. Macho ya mzee yamechoka, Apolinaria akawaza, anahitaji miwani na hataki kusema. Alijua kwamba akimsahihisha mbele yao, mume wake aliyepima reli ya serikali miaka thelathini na miwili, itakuwa jambo la kuzungumzwa mpaka Pasaka. Tena alikuwa amechoka. Ulikuwa uchovu wa siku tatu uliomwambia kwamba vidole vinne ni vidole vinne tu, labda yeye ndiye anayetazama kwa upande, labda zege litasawazisha. Akachora.

Zege walilimwaga siku moja, kutoka alfajiri mpaka jua kuzama, na jioni ile baraza lililala pale limenyooka, la kijivu, zuri kabisa. Apolinaria alilitazama akapata furaha ambayo hakuwa ameipata muda mrefu. Alikwenda kulala hajala.

Mvua ilinyesha siku ya pili baada ya hapo, saa tisa mchana. Ilinyesha kama inavyonyesha Tabora mwezi huo, bila salamu. Maji yalianguka juu ya baraza jipya, yakajikusanya, na badala ya kwenda nje kwenye bustani yakageuka yakaja mlangoni. Yakapita chini ya mlango. Yakaingia sebuleni, yakalowesha mkeka, yakafika kwenye godoro walilolalia Advera na watoto wake. Kuluthumu, jirani yao, alikuja na ndoo na matambara kusaidia kukausha, mama wa watu, akasema pole mara tatu, kisha ya nne ikamshinda akauliza kama walichokuwa wanajenga ni baraza au birika.

Mvua ilipokatika Benjamini alichukua mpira, akamwita dada yake washike, akapima upya. Ukingo wa nje ulikuwa juu kuliko mlango kwa vidole viwili. Kuongeza zege juu yake isingewezekana, kizingiti kingezama. Dawa ilikuwa moja, kubomoa. Alikwenda mpaka kwenye kigingi, akainama, akaiona ile penseli.

"Nani aliweka alama hii?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Tobias alikuwa amesimama mlangoni. Apolinaria akamgeukia, akampa nafasi. Alimpa muda wa kutosha mtu kusema maneno mawili, hata matano. Tobias akainama akaanza kukunja suruali yake iliyolowa, pindo moja, halafu la pili.

"Ni mimi," Apolinaria akasema.

Wale watoto ni watoto wazuri na hawakumkemea. Walifanya lililo baya zaidi, wakamhurumia. Advera alisema Mama amechoka, kazi hizi si za umri wake tena. Benjamini alisema kuanzia leo Mama asishike mpira wala penseli, akae jikoni, wao watatosha. Apolinaria alisikiliza uamuzi huo juu ya baraza lake mwenyewe akiwa amesimama katika maji. Na Tobias akaendelea kukunja pindo.

Basi akamnunia mumewe. Apolinaria si mtu wa maneno makali, na katika miaka arobaini na mitatu ya ndoa silaha yake ilikuwa ni uso. Anapokasirika hufunga uso, anavuta midomo ndani, anakutazama mpaka ujitambue. Tobias alikuwa hamalizi siku moja chini ya uso huo. Angekuja jikoni akizungukazunguka, angeokota kuni ambayo haikuanguka, angeuliza mwisho, haya, nimefanya nini. Safari hii Apolinaria aliufunga uso wake kwa kufuli.

Siku ya kwanza ya kubomoa alimwekea ugali mbele yake akasimama pale na uso wake. Tobias akanawa, akala, akasema asante. Siku ya pili alimpa maji ya kunywa akamkazia macho kutoka hatua moja. Alikunywa, akarudisha kikombe, akasema jua leo limekuwa kali. Ugumu wa moyo wa kiasi hicho hakuwahi kuuona. Siku ya tatu, akiwa amebeba karai la vipande vya zege, maana hata aliyefukuzwa kazini kwa kuzeeka alikuwa bado anaruhusiwa kubeba, alipishana naye katika njia nyembamba ya jikoni, akamtazama kwa uso ambao ungemfanya padri asahau mahubiri. Tobias akamwambia angalia usijikwae, akapita.

Hapo kikamwingia kitu kibaya kuliko hasira. Alianza kufikiri kwamba mumewe hamjali tena. Kwamba alimwacha abebe aibu ile, na sasa anaona wazi alivyoumia, na hana habari. Usiku alilala akitazama ukutani, mikono inawaka kwa malengelenge. Nyundo na tindo za mchana kutwa ziliendelea kulia masikioni mwake. Alijiambia kwamba baraza likiisha hatakaa juu yake. Atakaa jikoni walikomwambia.

Siku ya tano uwanja ulikuwa mtupu tena, kifusi kimeshindiliwa upya, na kilichobaki ni kupima. Benjamini alipanga watu. Advera atashika ncha ya nje. Ya mlangoni akataka kuishika yeye, lakini Tobias alikwisha kuichukua. Hiyo ni ncha yangu, akasema, na nani angembishia. Apolinaria alikuwa ameketi kwenye kigoda penye kona ya jiko, ungo wa mchele magotini. Aliyaona maji ya bluu yakipanda na kushuka katika mkono wa mumewe. Yalipita alama kwenda juu, yakapita kwenda chini. Yakasimama chini yake kabisa, mbali.

Mikono ya Apolinaria ikaacha kuchambua. Aliona Advera ameshika penseli tayari, anasubiri neno moja. Akasema moyoni, Baba Benja akisema hapo, safari hii nitanyamaza na nyumba ijae maji mpaka darini.

Tobias hakusema hapo. Kidole chake gumba kilipapasa ukuta kutafuta tundu la msumari. Alilipata kwa ukucha. Kisha akageuza uso kwenye mpira, akausogeza karibu, karibu zaidi, mpaka ukamgusa pua. Mwisho akauteremsha, na maji ya bluu yakamwagika miguuni pake.

"Mama yenu hakukosea," akasema. "Alichora nilipomwambia. Mimi siyaoni haya maji."

Benjamini akamwambia kwa upole watahamia kivulini, jua lina mng'ao.

"Si jua. Siyaoni. Na wewe sikuoni, nasikia tu upo wapi."

Ikatoka yote, kidogokidogo, na yeye bado ameegemea ukuta. Jicho la kushoto lilianza kufifia kabla ya Pasaka ya mwaka juzi, la kulia likafuata. Ndani ya nyumba hapotei, maana kila ukuta aliuweka mwenyewe na anajua ni hatua ngapi kutoka kitandani mpaka mlangoni. Kanisani nyimbo anazijua kwa moyo. Aliogopa kwamba akisema, watamkalisha kwenye kiti na kumletea chai, na Desemba itakuwa ya watu wengine. Siku ile Benjamini alipouliza juu ya penseli alitaka kujibu, lakini maneno hayakutoka. Advera alikuwa analia waziwazi. Benjamini alikwenda kando na simu yake, akaanza kumpigia mtu anayefahamiana na daktari wa macho, na alisikika akisema kesho, hapana, kesho asubuhi, baraza litasubiri.

Tobias alihesabu hatua mpaka kwenye kona ya jiko. Apolinaria aliona midomo yake ikihesabu, na akajiuliza alikuwa wapi yeye muda wote huo asiione. Akamsogezea kigoda cha pili. Walikaa, ungo kati yao, mbele yao udongo mwekundu ulioshindiliwa.

"Siku nne nimekununia," Apolinaria akasema.

Tobias akageuka kuelekea sauti. "Nilisikia tu umekuwa kimya. Nikajua umechoka."

"Nilikununia kweli. Kwa uso wangu wote."

"Sikuona, Mama Benja." Akapapasa ukingo wa ungo mpaka akafika kwenye mkono wake, akaushika na malengelenge yake. "Na sasa hivi je? Bado umenuna?"

Apolinaria akausogeza ungo kando.

"Sasa hivi nalia," akamwambia.