Kibao cha Shingoni

Kile kibao nilikikuta kwenye kabati la darasa la tatu, chini ya ramani iliyoliwa na mchwa. Kipande cha mbao, ukubwa wa kiganja, kimetobolewa na kupitishwa kamba ya katani. Aliyesoma Busia, pale mpakani, upande wetu au ule wa Kenya, hahitaji kuelezwa. Ukisikika shuleni ukisema Kisamia au lugha nyingine ya nyumbani, unavishwa. Unakaa nacho mpaka umnase mwenzako, umvishe yeye. Jioni aliyebaki nacho anachapwa. Mimi mwenyewe nilikivaa cha shule yangu mpaka nikaizoea harufu yake.

Sasa nilikuwa mwalimu huko Sikuda, na nakiri, mwalimu mwenye hasira za karibu. Watoto walikuwa zaidi ya themanini, na kelele zao zilinipandisha damu kabla ya saa nne. Nilitaka kukirudisha kibao kazini. Kilichonizuia si hekima, ni uvivu: nani atawafukuzia watoto wote hao lugha zao uwanjani? Nikakigeuza kazi. Nikawaambia anayevaa ni aliyefanya jema. Atalala nacho kwao, na asubuhi atamvisha mtu mwingine aliyemwona akitenda jema, huku akilitaja mbele ya darasa.

Basi wakaanza kuviziana kwa wema. Mmoja alifagia darasa lililokwisha kufagiwa. Mwingine alinipokonya mkoba ili anibebee, akauangusha kwenye tope. Nilicheka na kugomba kwa pamoja, lakini kelele zilipungua, na madaftari yakaanza kuja yameandikwa.

Dawati la nyuma alikaa msichana ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake tangu muhula uanze. Nilidhani hajui kitu. Alhamisi moja, wakati wa mapumziko, nikamkuta akimfundisha jirani yake hesabu za kutoa, kwa punje za maharagwe na kwa Kisamia. Yule jirani alikuwa ameelewa jambo nililolipigia kelele siku tatu nzima. Sikungoja asubuhi; nikakiomba kibao kwa aliyekuwa nacho, nikamvisha msichana mbele ya wote. Alitabasamu hata nikaona aibu kwa kuchelewa kumwona. Akaenda nacho nyumbani, kifua mbele.

Wazazi sikuwa nimewaambia neno.

Kesho yake, kabla somo la kwanza halijaanza, mama yake alisimama mlangoni. Mkono mmoja ulimshika mtoto, wa pili ulishika kibao. Mtoto hakuwa amevaa yunifomu.

"Mwalimu, mimi nilitoka shule juu ya hii kitu," alisema mama. "Darasa ya nne. Walinifunga hii kwa shingo, wananichapa kila siku, wanasema kichwa yangu ni ya mawe. Sasa unafunga mtoto yangu? Basi. Nakwenda naye soko, tunauza nyanya."

Damu ikanipanda. Mzazi anikaripie mbele ya darasa langu! Nikafungua kinywa nijibu, ndipo nikamwona mtoto: anaangalia chini, kimya, kama mwanzo wa muhula. Hasira ikaniishia palepale.

"Mama, nisamehe. Kosa ni langu," nilisema, nikamweleza kibao sasa ni cha nini.

"Hii kitu najua, mwalimu," akajibu. Sikumlaumu. Hata mimi nisingeamini.

Yule jirani wa dawati la nyuma akainuka bila kuitwa. Akaenda ubaoni, akaandika hamsini na mbili toa ishirini na saba, akaimaliza, akamgeukia mama. "Yeye ndiye amenifundisha."

Mama akaitazama ile hesabu. Kisha mtoto wake akakichukua kibao mkononi mwa mama, kwa kuwa ilikuwa asubuhi na zamu ni yake. Akasema kwa Kisamia, kwa sauti iliyofika hadi nyuma, kwamba kutoa kwa maharagwe alifundishwa jikoni na mama. Akainua kamba. Mama ilimbidi ainame ndipo imfikie shingoni.

Darasa likapiga makofi. Mama akajifuta macho kwa ncha ya leso, akamsukuma mtoto mlangoni. "Kimbia, vaa yunifomu!" Mimi nikajifanya natafuta chaki.

Jumatatu nikampitia sokoni kudai kibao chetu. Alikuwa anapanga nyanya mafungu mafungu, amekivaa juu ya gauni.

"Mwalimu, pole," alisema akikifunika kwa kiganja. "Mtu ya kumvalisha sijaona bado."

Nikanunua nyanya zake, nikaenda kwa seremala kuagiza kingine.