Bibi Kavamia Bethlehemu Yangu

Jamani, leo nimeshindwa na bibi mmoja wa mtaa wa Lizaboni.

Vijana wa kigango chetu tunarekodi filamu ya kuzaliwa kwa Yesu. Tumeazima mtoto wa wiki mbili, bibi yake akamleta mwenyewe.

Kila nikisema tuanze, bibi huyo anaingia zizini na chupa ya uji wa moto.

"Bibi, sogea kidogo, unaonekana kwenye kamera."

"Binti kajifungua, mama yake yuko wapi? Mnamwacha na mwanaume na ng'ombe?"

Nikachoka. Nikamwacha akae hapo hapo nyuma ya Maria.

Wakaingia Mamajusi watatu, mataji kichwani. Wiki nzima nimewafundisha kupiga magoti bila kusema neno. Neno lolote!

Wakamwona bibi. Wote kwa pamoja:

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba. Mmenawa mikono?"

Wakaweka dhahabu chini, wakatoka kwenda bombani. Kamera inaendelea kurekodi!

Bibi ameshaondoka na mjukuu wake, na kesho hamleti. Kurudia hakuna.

Haya, nishaurini. Nikiikata hiyo shikamoo, si Mamajusi wataonekana hawana adabu?