Maji ya Mzee Aminieli

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Nilimwibia mzee jina lake mchana kweupe, mbele ya umati, na nikapigiwa makofi.

Mimi ni mhitimu wa chuo kimoja hapa mlimani, upande wa Masama. Jubilei ya chuo ilipokaribia, umoja wetu wa wahitimu ulinipa kazi ya kuandika historia yake: nani alitangulia, nani alijenga nini. Wakati huohuo nilikuwa nagombea uenyekiti wa umoja huo.

Chuo kilipoanza hakikuwa na maji. Mzee Aminieli, jirani yetu, ndiye aliyekubali mfereji wa ukoo wake, uliochimbwa na babu zake, ugeuzwe uende mabwenini. Mwaka ule kahawa yake ilikauka. Hakudai chochote, na wengi walioshuhudia wameshafariki.

Nilimfuata nyumbani kumhoji. Macho yalikuwa hayaoni tena, ila akili ilikuwa nzima.

"Mwanangu, mimi sikusoma," aliniambia. "Nataka tu jina langu lisomwe na mimi nasikia."

Nikamwahidi. Kisha nikaenda kuandika kwamba maji yaliletwa na marehemu baba yangu. Baba alikuwa fundi tu, alifunga mabomba akalipwa ujira wake. Lakini mtoto wa mleta maji, nani angemnyima kura? Tamaa hii jamani!

Siku ya sherehe Mzee alikuja na koti lake la kanisani, akaketishwa mbele. Nikasoma. Nilipofika kwenye maji nilimwona ameinua kidevu. Nikataja jina la baba. Watu wakashangilia, naye akamwinamia mkewe na kumuuliza kitu. Baadaye bibi huyo aliniambia mumewe aliuliza nini: "Wameshasoma, au na masikio nayo yamekwenda?"

Uenyekiti niliupata. Usingizi ndio sikuupata. Kwetu Uchagani ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na akishalipokea hawezi kukunyima msamaha. Nililikata mara mbili, mara mbili likanyaukia ndani kwangu. Nilijua nikiomba msamaha itabidi niseme ukweli hadharani.

Mara ya tatu nikalipeleka. Nilikuta migomba imefyekwa ili turubai la msiba lipate nafasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akalitazama jani. "Hilo umemletea nani?"

"Babu."

"Mimi hukunikosea, mwanangu. Rudi nalo."

Siku ya mazishi niliombwa, kama mwenyekiti, nisome wasifu wa marehemu. Kuzaliwa, kubatizwa, ndoa, watoto. Maji hayakuwemo. Nikamuuliza bibi kwa sauti ya chini.

"Alitukataza kuyaandika," alisema. "Alisema kitabu cha wasomi kimeshasema vingine, asije akazikwa kama mwongo."

Hapo ndipo iliponipasa niseme. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa kinanisikiliza. Nikasoma karatasi ile hadi mwisho, nikashuka.

Mpaka leo jina la baba liko kwenye ukuta wa chuo, juu ya bomba, na wanafunzi wanakinga maji chini yake.

Wewe uliyepewa kalamu kuandika historia ya shule yenu, usharika wenu au ukoo wenu, mtaje mtu angali anasikia. Ukimwacha akatangulia, hata isale halina pa kwenda.

Jina lake nimeliandika hapa. La kwangu nimeogopa.