Kibuyu cha Mama Yake Mheshimiwa

Esta Fulaga alimlea mdogo wake Hudson kwa popoo. Baba yao alipofariki aliacha shule, akaja kuketi soko la Honiara, mji wetu mkuu, kando ya meza yangu, akauza popoo, tambuu na chokaa ya kutafuna navyo mpaka Hudson akamaliza chuo, akaoa, akawa mbunge. Siku anaapishwa nilimtania, "Sasa utahamia kwenye kiyoyozi, mwenzangu."

"Nihame meza nimwachie nani? Wewe mwizi wa wateja?"

Basi mwaka ule, uchaguzi ukiwa umekaribia, nusu ya serikali ilimgeuka Waziri Mkuu. Ikaletwa hoja ya kutokuwa na imani naye. Kwetu mambo yakifika hapo wabunge hufungiwa kama kuku wa sikukuu: kila upande unawaweka watu wake hotelini, wanakula, wanakunywa, simu zinakusanywa na geti linafungwa hadi siku ya kura, asije mmoja akanunuliwa. Hudson alikuwa hoteli ya Waziri Mkuu. Redio ikasema mzee yule amebaki kitini kwa kura moja tu. Soko zima likabishana kama atafika kwenye uchaguzi au ataanguka. Esta alitaka kujua jambo moja tu, kama Hudson atatoka kabla mama yao hajafa.

Mama alikuwa amelala mgonjwa nyumbani kwa Esta, kule mlimani, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona paa la hoteli. Chakula alishakikataa. Alikuwa akimwulizia mwanawe tu.

Esta akaenda getini. Mlinzi alikuwa mtu wa kwetu, wa lugha yetu.

"Mama anakufa, kaka. Niitie Hudson."

"Dada yangu, hapa kila siku kuna mama anayekufa. Juzi alikufa wa mheshimiwa mmoja. Mheshimiwa akatoka mbio, akamkuta mama yake jikoni anakaanga samaki, na gari la upinzani linamsubiri uani!"

Esta alicheka. Alinisimulia mwenyewe kwamba alicheka, halafu akakaa chini pale pale getini akalia.

Kesho yake alirudi na kibuyu kidogo cha mama, kile anachowekea chokaa ya popoo. Bibi kizee wa kwetu haachani na kibuyu chake, huzikwa nacho, na mwanawe hukijua hata kwa kupapasa. Mama mwenyewe ndiye aliyekitoa chini ya mto. "Mpelekee. Akikiona atajua si uongo."

Mlinzi alipokiona utani ulimtoka. Alikiingiza ndani mwenyewe, akakawia, akarudi.

"Nimempa mkononi. Amekitazama sana. Amekijua."

"Anakuja?"

"Anasema baada ya kura, dada."

Esta angemwambiaje mama maneno hayo? Alimwambia, "Yuko njiani, mama. Mvua imemzuia." Jua lilikuwa kali la kupasua mawe. Mama akasema haya, basi atakuja na kibuyu chake, maana kinywa kimemkauka. Akageuza uso akautazama mlango. Akafa asubuhi ya siku ya kura, nami nilikuwapo, bado akiutazama.

Na kura yenyewe haikupigwa. Mwenye hoja alihesabu watu wake, akaona hawatoshi, akaiondoa. Waziri Mkuu akabaki na kiti chake. Watu husema damu nzito kuliko maji. Mimi tangu siku ile sisemi.

Alasiri Hudson alifika na magunia ya mchele wa msiba, akalia kwa sauti hata majirani wakamhurumia. Machozi yalikuwa ya kweli, siwezi kumsingizia. Esta alimwacha alie mpaka akatulia.

"Nipe kibuyu. Nataka kumzika nacho."

Hudson alikitoa mfukoni. Esta akakitikisa, akakizibua, akachungulia ndani.

"Chokaa iko wapi?"

Hudson aliinamisha kichwa. Midomo yake ilikuwa myekundu kwa popoo. "Mle ndani siku zilikuwa ndefu, dada. Chokaa yetu ilituishia."

Nilimwonea Esta uchungu, nikangoja amtukane, nami nimsaidie. Hakumtukana. Alikwenda kwenye kapu lake la biashara, akachota chokaa ya kuuza, akakijaza kibuyu mpaka mdomoni, akamwekea mama yake ubavuni. Halafu akamwambia mdogo wake asogee, amesimama mlangoni.