Fundi wa Lifti kwenye Kiti cha Daktari

Fundi wa lifti alikuwa mtu wa miraba minne, lakini asubuhi ile hofu ilimfanya ashindwe hata kufunga kamba za viatu. Magego yake mawili ya mwisho yalikuwa yameota kiubavu, na fizi zilivimba mpaka hakuweza kufumbua kinywa sawasawa. Wiki iliyotangulia alifika mlangoni mwa kliniki akageuza njia. Safari hii dada yake alimshika mkono kama mtoto wa chekechea mpaka kwenye benchi la kusubiri.

"Dada, moyo unanienda mbio."

"Na uende, lakini wewe hubanduki hapa."

Kitini aling'ang'ania vishikio kwa nguvu zote. Daktari, mama wa makamo, aliiweka sindano chini.

"Baba, unaogopa nini hasa?"

"Naogopa nisichokijua. Watu wakikwama ndani ya lifti, mimi huwaambia kila ninachofanya kabla sijakifanya, nao hutulia. Na wewe niambie hivyo hivyo."

"Haya. Ukitaka nisimame, inua mkono."

Basi akawa anamwambia: sasa nakuchoma, sasa ganzi inaingia, sasa utasikia mlio tu. Mara moja fundi aliinua mkono, na kweli kila kitu kikasimama. Akavuta pumzi, akaushusha mkono. Jasho lilimtiririka, lakini hakuuinua tena.

Alipotoka, mashavu yamejaa pamba, dada aliruka kutoka kwenye benchi. "Yametoka?"

Fundi aliitikia kwa kichwa, kisha akamkumbatia palepale mbele ya wagonjwa wengine, machozi yakimtoka.