Utamu Uliopotea Katikati

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, hata leo. Ilikuwa miaka ya tisini, mtaa wa Mathare, Nairobi. Mimi ni wa juzi tu kuolewa, napika busaa, pombe ya unga wa mahindi, na kujiona fundi. Na nilipika vizuri, sikatai. Mama alikuwa amenitumia kimera kipya cha wimbi kutoka nyumbani, nikatia mabakuli matatu badala ya moja, kwa majivuno tu. Sikuonja. Siku ya nne nikachuja, nikaonja: uchachu mtupu, utamu hakuna. Nikajiambia, hii haina nguvu, ni uji.

Adhuhuri akaingia Baba Wanjiru, jirani yetu, msukuma mkokoteni wa soko la Gikomba, tumbo tupu.

"Shemeji, ya leo ni kali?"

"Kali wapi! Hiyo ukinywa unaenda kuimba kwaya."

Akacheka. Akashusha makopo manne kama maji, kwa kuwa mimi nimesema ni nyepesi. Aliposimama, magoti yakakataa, akaanguka chini pu! Nikamwita, kimya. Nikamfinya sikio, kimya. Pumzi yake ilikuja, ikakawia, ikaja tena. Kati ya pumzi na pumzi, mimi ndiye niliyekuwa nakufa.

Mkewe akafika mbio. "Umemtilia nini mume wangu?"

Nikawaza: Nikipiga kelele, askari watakuja, maana pombe yetu ilikuwa haramu. Nikinyamaza, nitakaa na maiti. Nikamkimbilia Kukhu, bibi mmoja wa kwetu aliyekuwa akipika pombe tangu sijazaliwa. Alikuja, akamlaza ubavu ili matapishi yasimkabe, ndipo akanigeukia.

"Siku uliyotia kimera, ilikuwa tamu kiasi gani?"

"Sikuonja, Kukhu."

"Na leo?"

"Utamu hakuna."

"Mjinga wewe! Umeenda wapi huo utamu, sokoni? Umegeuka ukali! Uonje siku ya kwanza, uonje ya mwisho. Ule uliopotea katikati ndio unaomwangusha mtu. Wewe umeonja mara moja. Umepima nini?"

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Tulikaa tukihesabu pumzi zake mpaka jua likaelekea magharibi. Mwishowe akatapika, akafumbua macho, akanitazama kwa upole.

"Kumbe ilikuwa njaa tu, shemeji. Niongeze kopo moja la ile nyepesi."

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko mwanzo. Alikuwa bado ananiamini! Pipa lote nikalimwaga mtaroni kwa mikono yangu.

Mwanangu, iwe pombe, iwe dawa, iwe habari ya mtu, usimwambie mwenzako "haina neno" kwa kitu ulichokionja mwisho tu. Jua kilianza vipi. Usipojua, sema sijui. Neno hilo halijaua mtu. Mungu akukinge na ulimi unaojua nusu, na kila atakayepokea kikombe mkononi mwako arudi kwake kwa miguu yake mwenyewe.