Kibao cha Unga wa Kunenepesha

Mwanamkuu hakuwa mwongo, tuseme hilo mapema. Alikuwa na mdomo tu. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi naye akiwemo, alinunua mashine ndogo ya kusaga, akaanza kukaanga soya uani kwake Ngarenaro, na mlangoni akatundika kibao: UNGA WA SOYA, UNANENEPESHA.

Nani alimwambia? Hakuna! Ila miaka ile ukikonda tu, watu wanakuzika ungali hai: "Ana miwaya huyo," yaani UKIMWI. Basi wembamba walimiminika, wengine wamejitanda khanga hadi puani, na unga ukawa unakwenda.

Nanyori wa Olmotonyi alikuja uso wazi. Mumewe, Lemayian, alikuwa amefariki, naye akakonda kwa majonzi hata nguo zikamning'inia. Alizoea kuuza maziwa mtaa ule ule. Wateja wakamkimbia mmoja mmoja.

"Shikamoo mama. Nikinenepa, watarudi."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa uji huu asubuhi, mchana na jioni. Usiutie maziwa, utaupunguza nguvu. Soya inatosha!"

Yalimtoka tu. Mteja akikukodolea macho namna ile, lazima umpe neno.

Baada ya miezi mitatu binti wa Mwanamkuu, Twahira, akaja likizo kutoka chuo cha kilimo Morogoro. Alisoma kibao akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mama, nani kakwambia inanenepesha? Soya ni chakula kizuri, ina protini. Lakini tumesoma utafiti: wamekuza seli changa za mafuta za binadamu kwenye visahani, wakazitia kemikali ya asili iliyomo kwenye soya. Ilipokuwa nyingi, seli ziligoma kukomaa, hazikujaa mafuta. Ilipokuwa kidogo, mara nyingine ikawa kinyume."

"Kumbe inakondesha?"

"Sijasema hivyo. Kisahani si mwili wa mtu. Nasema hakuna ajuaye vya kutosha kuandika kibao."

"Lo! Mtoto umsomeshe kwa soya, arudi akuchape kwa soya hiyo hiyo!"

Mwanamkuu alicheka, lakini moyo haukucheka. Hakuwaza seli. Alimwaza Nanyori, aliyeacha maziwa kwa sababu ya neno lake. Jioni ile akakishusha kibao.

Jumamosi Nanyori akaja, shingo imezidi kuwa nyembamba. Mwanamkuu akamkalisha, akamweleza yote huku aibu ikimchoma.

"Nisamehe, mwanangu. Uji kunywa, lakini chakula kula, na maziwa yako kunywa. Nilikuropokea tu."

"Miezi mitatu maziwa nawapa mbwa," Nanyori akasema. "Watu hawanunui, na wewe umenikataza."

"Najua. Mungu anisamehe."

"Mimi sikutaka unene, mama. Nilitaka wanunue." Akamtazama usoni. "Na wewe? Kabla ya msiba ulichukua lita mbili kila siku. Mbona uliacha?"

Mwanamkuu alitaka kusema kwamba siku hizi maduka yamejaa maziwa ya paketi kutoka Kenya, na hayachachi upesi. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Akayameza.

"Niliogopa," akasema. "Niliogopa kama wao."

Nanyori akatikisa kichwa taratibu, akainuka, akaenda zake. Unga hakuuchukua.